Taa ya Gadi Iwekwe Wapi?

Taa yenyewe si kubwa. Ni ya bati nene lililopakwa rangi nyeusi, ina mkono wa kushikia mgongoni, na tumboni mwake mna vioo vinavyozungushwa kwa kidole: chekundu cha kusimamisha, kijani cha kuruhusu, na cheupe cha kumwangazia njia mwenye taa. Ubavuni zimegongwa herufi tatu, E.A.R., ambazo ni jina la shirika lisilokuwepo tena duniani. Kwa miaka mingi imening'inia katika ukumbi wa nyumba moja ya Bububu, Unguja, juu ya kiti cha mwenyewe, mzee aliyekuwa gadi wa treni baina ya Mombasa na Nairobi tangu 1963 mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Pamoja na taa hiyo alirudi nyumbani na filimbi moja ya shaba na daftari la safari lenye jalada la kitambaa. Mshahara wake umeshasahauliwa na nguo za kazi zimekwisha kwa kuvaliwa shamba, lakini vitu vitatu hivyo vimebaki.

Mazungumzo yalianza siku za Iddi, mpwa wake alipovuka kutoka Mombasa kuja kumwamkia. Alikaa, akala tambi, akaitazama taa kwa muda.

"Mjomba," alisema, "kitu hiki si chako tena, ni cha watu wote. Nairobi yako makumbusho ya reli tangu mwaka 1971. Huko ndiko kulikokusanywa saa, tiketi, taa na injini zenyewe. Ikiachwa hapa italiwa na kutu, na siku Mungu akikuhitaji itauzwa kwa kilo."

Mjukuu wa mzee, ambaye ni mwalimu wa skuli, hakuyapenda maneno hayo, ijapokuwa alijibu kwa adabu.

"Ami, watoto wa hapa wanadhani gari la moshi ni kitu cha bara. Wanapanda daladala ya 502 kila siku kwenda Darajani, wala hawajui kuwa babu zao walikwenda mjini kwa treni. Skuli ina chumba kitupu. Tukianza na taa ya Babu, wengine wataleta vyao."

Mzee hakusema kitu. Alifanya kama alivyozoea kufanya stesheni treni ya upande wa pili inapochelewa: alisubiri.

Swali walilolizusha wawili hao halihusu taa moja tu. Kila penye reli ya zamani huzuka swali hilo hilo: je, makumbusho madogo madogo ya reli, yenye chumba kimoja na mlinzi mmoja, yaunganishwe yawe nyumba moja kubwa yenye wataalamu na fedha, au kila mji uachiwe kidogo chake? Watu husema ni suala la fedha na paa, na ni kweli kwa sehemu. Lakini chini yake limo jingine zito zaidi, nalo ni nani mwenye haki ya kusimulia.

Mjukuu alikuwa na hoja ambayo wengi wa bara hawaijui. Unguja ilikuwa na reli kabla ya Mombasa. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alitandaza njia ndogo ya reli kutoka mjini kwenda kwenye kasri yake ya Chukwani, na baadaye akaagiza injini ya mvuke kutoka Uingereza. Alipofariki, reli ile ikafariki naye. Kisha, mwaka 1905, kampuni ya Kimarekani ikafungua reli ya Bububu, ya maili saba hivi, iliyoanzia karibu na Ngome Kongwe, ikajipenyeza katika njia nyembamba za mji, ikatoka kuelekea mashamba ya kaskazini. Cheche za moshi zilitua juu ya nguo za abiria na kuzitoboa. Magari ya petroli yalipoingia, reli ikapungukiwa na wateja, na kabla ya mwisho wa miaka ya 1920 ilikuwa imekwisha. Leo mpita njia haioni. Lililobaki midomoni mwa watu ni ngano moja tu, kwamba mahala paliitwa Bububu kwa sababu ya mlio wa gari la moshi.

Ngano hiyo ni tamu, lakini si kweli. Emily Ruete, yaani Sayyida Salme binti Said, aliitaja Bububu kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, karibu miaka ishirini kabla ya treni kupita hapo. Jina lilikuwepo, na treni ikalikuta. Pasipo na chumba cha kuhifadhia, na pasipo na mtu wa kusahihisha, watu hujaza pengo kwa kilicho karibu na masikio yao. Haitoshi kusema kwamba kumbukumbu ya mtaa ibaki mtaani, maana mtaa nao husahau, na pengine husahau kwa furaha.

Basi mpwa naye alikuwa na lake, na lake halikuwa dogo. Makumbusho ya reli ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1971, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa bado shirika moja. Kwa hiyo nyumba ile ilizaliwa ikiwa ya muungano, haikuunganishwa baadaye. Miaka sita tu baada ya kufunguliwa, Jumuiya ikavunjika, na nchi tatu zikagawana mali kwa uchungu. Lakini anayeingia katika ua ule mpaka leo hukuta majina yamesimama pamoja kama kwamba hapakutokea kitu. Kuna injini iitwayo Masai of Kenya. Kuna Nyaturu, yenye jina la watu wa Singida. Kuna Bavuma, yenye jina la watu wa visiwa vya Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Na kuna Mount Gelai, jina la mlima ulio karibu na Ziwa Natron, Tanzania, nayo ni mojawapo ya injini 34 zilizoundwa Manchester na Beyer, Peacock katika miaka ya 1950, ambazo zilikuwa na nguvu kupita injini zote za mvuke duniani za reli yenye upana wa mita moja. Ilipita tani 250. Mzee wa Bububu aliwahi kusafiri nyuma ya injini za aina hiyo usiku kucha, kutoka joto la Mombasa hadi baridi ya Nairobi, na husema kuwa zilipokuwa zikipanda mwinuko wa Mazeras, gadi aliyekaa behewa la mwisho aliusikia mlio wake mbali sana kama kwamba ni treni ya mtu mwingine.

Chuma cha tani 250 hakiwekwi chumbani mwa skuli. Kinataka reli ya kusimamia, bohari, mafundi wa kuziba mabomba ya mvuke, na mtu anayejua grisi ipi ipakwe wapi. Ufundi huo unakufa, na waliobaki nao ni wachache mno hata wasiweze kugawanywa kila mji fundi wake. Katika jambo hili hapana haja ya kubishana: injini ziwe pamoja. Wanaotaka kila stesheni iwe na kichwa chake cha treni uani watapata kutu na mbuzi waliolala kivulini.

Lakini taa si injini.

Wapenzi wa ushairi hawahitaji kulisoma suala hili kwa reli, kwani wamekwisha kulisoma kwa mashairi. Tungo za Muyaka bin Haji al-Ghassaniy zilikuwa zimetawanyika katika vichwa vya wazee wa Mombasa, huyu ana beti mbili, yule ana shairi zima lakini amesahau kituo. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, mmisionari W. E. Taylor alizikusanya, na mkono wake wa kulia katika kazi hiyo alikuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwenyeji wa mji. Karatasi zikaenda London. Diwani ikachapwa Johannesburg mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens. Mtu wa Mombasa anayetaka kuuona mwandiko ambao ndani yake mji wake umetajwa na kutaniwa hana budi kwenda Ulaya. Hayo ni machungu. Lakini lau zisingekusanywa, asingekuwa na la kuliendea hata huko Ulaya.

Na hapa pana jambo linalopitwa haraka. Kilichoziokoa tungo zile si sanduku la London peke yake. Mwalimu Sikujua aliandika maelezo: nani alikuwa akijibiwa, neno hili lilikuwa na maana gani siku zile, fumbo lilimlenga nani. Shairi la Muyaka lisilo na maelezo hayo ni vina na mizani vinavyopendeza, na msomaji hajui kwa nini watu walicheka. Mkusanyaji akija bila ya mwenyeji hubeba maganda, na kokwa hubaki nyuma hadi ife na mwenyewe.

Uingereza, ambako ndiko zilikotoka injini na taa hizi, wameshabishana sana juu ya jambo hili. Palikuwa na makumbusho ya reli York tangu miaka ya 1920, na mengine Clapham, London, yaliyofunguliwa katika miaka ya 1960. Yakaunganishwa. Ya Clapham yakafungwa mwaka 1973, na nyumba ya taifa ikafunguliwa York tarehe 27 Septemba 1975, siku ya miaka 150 ya reli ya Stockton na Darlington. Watu wa London walinung'unika kunyang'anywa, ilhali watu wa kaskazini waliona kuwa kwa mara moja kitu cha taifa kimetoka mji mkuu kikaja kwao. Nyumba ile imestawi, wala hapana anayesema leo irudishwe ilikotoka. Ukiishia hapo, hoja ya kuunganisha imeshinda.

Ila haikuishia hapo. Injini iitwayo Locomotion No. 1, iliyovuta treni siku ile ya mwaka 1825, ilikaa mji wa Darlington kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwa karatasi ilikuwa mali ya taifa. Kwa moyo ilikuwa ya Darlington, na watoto wa hapo walikua wakiiona kama watoto wa Mji Mkongwe wanavyoiona Ngome. Makumbusho ya taifa yalipotaka kuihamishia Shildon, mji wa jirani ambako yana tawi lake tangu 2004, pakazuka ugomvi mkubwa, na mwaka 2021 ikahama kwa makubaliano kwamba Darlington nao watapata zamu yao ya kuwa nayo. Miji hiyo iko jirani, na yote miwili ni ya reli ile ile. Mtu wa mbali atacheka: kuna tofauti gani? Lakini hoja ya Shildon nayo ilikuwa ya mwenyeji, kwani safari ile ya kwanza ya injini ilianzia kwao. Hata mwenye haki ya mtaa hugundua kuwa mtaa wa pili nao una haki. Hakuna muamuzi wa bei nafuu katika mambo haya.

Afrika Mashariki mizani inaanza kubadilika. Katika miaka ya 2020 Jinja, Uganda, imepata makumbusho yake ya reli, ambapo zamani mtu wa Uganda aliyetaka kuiona historia ya reli iliyoitwa kwa jina la nchi yake alilazimika kwenda Kenya. Je, Jinja wangeambiwa wapeleke vitu vyao Nairobi kwa sababu Nairobi kuna ua mpana? Reli ile ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na katika kazi hiyo walikufa karibu wafanyakazi 2,500 walioletwa kutoka Bara Hindi. Kisa hicho Mombasa husimuliwa kama kisa cha kuondoka, na Kisumu kama kisa cha kuwasili. Katika Jinja ni kisa cha mgeni aliyekuja baadaye. Nyumba moja ikisimulia kwa niaba ya wote, aghalabu husimulia kwa sauti ya mji ilimojengwa.

Mfano uko karibu zaidi. Baina ya Mombasa na Nairobi ipo stesheni inayoitwa Sultan Hamud. Mzee wa Bububu alishuka hapo usiku mara nyingi mno, taa mkononi, kuhakikisha milango ya mabehewa. Jina ni la Sayyid Hamud bin Mohammed, aliyetawala Unguja tangu 1896 hadi 1902, na aliyekwenda kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa. Mtoto wa Nairobi akilisikia jina hilo husikia mji wa soko kandokando ya barabara, na si kosa lake. Mtoto wa Unguja angelisikia vingine, kama angekuwepo mtu wa kumwambia. Katika nyumba kubwa maelezo hayo yatachukua mstari mmoja ukutani. Katika chumba cha skuli ya Bububu yangekuwa somo la asubuhi nzima.

Hata hivyo, wanaopenda nyumba ndogo wasijidanganye. Nyumba ndogo hutegemea mtu mmoja mwenye ufunguo. Akihamishwa au akifa, ufunguo hupotea, mvua huingia, na tiketi za mwaka 1935 huwa chakula cha mchwa. Na wanaopenda nyumba kubwa wasijidanganye pia. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na lililokuja kuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Ukumbini mle mlikuwa na mtepe, jahazi la kushonwa kwa kamba, uliojengwa upya ili watu wasiusahau. Waswahili walioliona vumbi lile likipanda juu ya Forodhani hawahitaji kushauriwa juu ya hatari ya kuweka kila kitu chini ya paa moja.

Wakati huu hauruhusu kukaa kimya. Treni ya reli mpya ilianza baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na ya Dar es Salaam ilianza safari za Morogoro mwaka 2024. Reli mpya ni pana zaidi ya ile ya kale, na vyombo vya reli ya mita moja havitembei juu yake. Kila stesheni ya zamani inayofungwa ina kengele, saa ya ukutani, mashine ya kugonga tiketi na madaftari. Mnunuzi wa vyuma chakavu hana swali la kuunganisha wala kutenganisha. Yeye ana mizani tu.

Kwa hiyo, ikiwa pana cha kuunganishwa mara moja, ni daftari. Kila kitu kilichopo Nairobi, Jinja, skulini au ukumbini mwa mzee kiandikwe mahali pamoja: kimetoka wapi, kilikuwa cha kazi gani, nani alikitumia, na nani bado yu hai wa kuulizwa. Mafundi nao waunganishwe, watembee, leo waisaidie Jinja, kesho Tabora. Injini zikae palipo na bohari. Vitu vidogo vikae alipo mtu wa kuvieleza, na siku mtu huyo atakapokosekana, ndipo vifunge safari, navyo viwe vimefuatana na maneno yake yaliyoandikwa. Mpango huu hautawapendeza wanaotaka jambo moja lililo safi. Utagharimu barua nyingi na subira nyingi, na fedha za barua hazipigwi picha na waandishi wa habari kama paa jipya linavyopigwa.

Usiku ule, baada ya Isha, mzee aliishusha taa mwenyewe. Alimpa mpwa wake filimbi aende nayo Nairobi, maana, alisema, filimbi zote zinalia sawa. Mpwa akauliza kuhusu taa. Mzee akaigeuza, akaonyesha alama ndogo iliyokwaruzwa kwa msumari chini ya kitako, mistari kumi na minne.

"Hii ni nini, Babu?" mjukuu aliuliza.

"Miaka," mzee alijibu. "Kila mwaka nilikwaruza mmoja."

Mpwa alitazama, akasema pole pole kwamba Nairobi wangeliandika taa ya gadi, E.A.R., hali nzuri, na ile mistari wangedhani ni mikwaruzo. Hakusema zaidi. Mjukuu alikwenda ndani akarudi na daftari la skuli na kalamu, akakaa mkekani. Aliandika tarehe juu ya ukurasa, akauliza mstari wa kwanza ulikuwa wa mwaka gani, na treni ya siku hiyo ilikuwa imechelewa kwa muda gani. Mzee alikivuta kiti karibu. Daftari la kale la safari, lenye jalada la kitambaa, lilikuwa bado mezani, na hakuna aliyesema litakwenda wapi.